Kuvu ya Mkarafuu na Njia za Bahari

Kisiwa cha Mombasa hakina shamba la mikarafuu la kujivunia. Ardhi yake ni ya matumbawe, nafasi ni haba, na tangu zamani watu wake wameishi kwa bahari na biashara. Hata hivyo ingia Marikiti, soko lililojengwa mwaka 1914 likapewa jina la Mackinnon, uone karafuu zilivyotandazwa kando ya iliki, mdalasini na bizari. Pilau ya arusi haipikwi mitaa ya Kibokoni wala Kuze bila karafuu, na mwenye jino bovu bado huambiwa na bibi yake atafune moja kabla ya kwenda kwa daktari. Karafuu zote hizo zimevuka bahari. Kizazi baada ya kizazi zimeshushwa Bandari ya Kale na majahazi na mashua za Pemba na Unguja, nyingine kwa stakabadhi ya forodha, nyingine usiku.

Historia hii inahusu kiumbe kingine kinachoishi na mkarafuu: kuvu ndogo inayokaa chini ya gome na kuua matawi. Hakuna karani wa forodha aliyewahi kuiandika daftarini. Kumbukumbu ya asili yake imo ndani ya chembe zake yenyewe, na tangu ilipopewa jina la kwanza Zanzibar hadi jamaa zake walipojulikana sawasawa ilipita karibu miaka 60.

Mkarafuu wenyewe ni mgeni kwetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki ya Indonesia ya leo, ambako Waholanzi waliuhodhi kwa ukali, wakikata miti iliyoota nje ya visiwa walivyovichagua na kumwadhibu aliyethubutu kutorosha mche. Mwaka 1770 Pierre Poivre, ofisa wa Kifaransa aliyekuwa na madaraka Morisi, alifaulu kuletewa miche kwa siri. Kutoka Morisi na Réunion zao hilo lilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa kuwa miongoni mwa waliolipanda mapema ni Mwarabu wa Oman, Saleh bin Haramil al-Abry. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliona faida yake haraka. Mtawala huyo huyo aliyewashinda watawala wa Kimazrui na kuitwaa Mombasa mwaka 1837, akaweka askari wake Fort Jesus, ndiye aliyewaamuru wenye mashamba wa Unguja wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi.

Mashamba hayo yalilimwa na watumwa, na jambo hilo halifai kupitwa kimya. Maelfu ya watu walitolewa bara wakavushwa hadi visiwani ili wapalilie na kuchuma, na kwa sababu visiwa vilijaa karafuu, nafaka ya kuwalisha ililimwa kwingineko, ikiwemo pwani ya Malindi, nako kwa mikono ya watumwa. Utumwa haukufutwa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897. Kabla ya hapo, mwezi wa Aprili 1872, tufani kubwa iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ndiyo ikawa ghala kuu la karafuu, jirani wa Mombasa kwa safari ya tanga. Kila hatua ya safari hiyo ndefu, Maluku hadi Morisi, Morisi hadi Réunion, Réunion hadi Unguja, Unguja hadi Pemba, ilibeba mbegu na miche hai, pamoja na udongo wake na chochote kilichokuwa kimejificha kwenye gome.

Uhusiano wa Pemba na Mombasa haukuishia kwenye njia rasmi. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa biashara ya karafuu ilipowekwa mikononi mwa shirika moja la serikali, bei aliyolipwa mkulima wa Pemba ilikuwa ndogo mno kuliko ile aliyoweza kuipata ng'ambo. Mashua zilitoka kwenye mikoko ya Pemba gizani zikaelekea Vanga, Shimoni na Mombasa, na serikali ya Zanzibar ikapambana na magendo hayo kwa adhabu kali. Familia nyingi za Kipemba zilikuwa na ndugu pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo mzigo haukukosa mpokeaji. Karafuu iliyoanikwa ikakauka si hatari kwa miti kama ulivyo mche mbichi, lakini bahari inayopitisha gunia haishindwi kupitisha mche.

Wakulima wa visiwani walijua kwamba mkarafuu una vifo vya namna mbili. Kimoja kiliitwa kifo cha ghafla: mti mzima, wenye afya na unaozaa vizuri, majani yake hugeuka rangi na kukauka yakiwa bado yananing'inia, na kwa muda mfupi mti wote umekwisha. Kingine hakina haraka hiyo. Tawi moja linanyauka, kisha la pili, kisha ugonjwa unashuka kuelekea shinani, na ukilichuna gome unaona mbao chini yake imebadilika rangi. Kwa miaka mingi vifo hivi viwili vilichanganywa, vikalaumiwa udongo, ukame, uzee wa miti, hata uvivu wa wenye mashamba.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilitaka jibu, maana karafuu ndiyo iliyokuwa ikiendesha hazina ya Zanzibar. F. J. Nutman alipewa kazi hiyo, na mwaka 1949 yeye na F. M. L. Sheffield walichapisha uchunguzi wao kuhusu kifo cha ghafla na jinsi kinavyosambaa shambani. Kisha Nutman na mwenzake F. M. Roberts wakaendelea kwa kutenganisha magonjwa. Kifo cha ghafla walikihusisha na kuvu iitwayo Valsa eugeniae. Kufa kwa matawi walikihusisha na kuvu nyingine kabisa, inayoingia mtini kupitia majeraha, na mwaka 1952 wakaipa jina la Cryptosporella eugeniae. Kwa mti ambao kila msimu hupandwa na wachumaji na kuvunjwa matawi, majeraha hayakosekani. Wawili hawa baadaye walifanya kazi Kenya, juu ya kutu ya majani ya kahawa na ugonjwa wa matunda ya kahawa, na mtu akisoma kazi zao zote anaona subira ile ile ya kwenda shambani tena na tena mpaka mmea useme kinachouua.

Lakini walikuwa na macho na hadubini tu. Kuvu ilitambuliwa kwa umbo la spora zake, ukubwa wake kwa vipimo vya mikroni, rangi ya vijungu vinavyozibeba, na jinsi vijungu hivyo vilivyozama ndani ya gome. Mambo hayo hubadilika kwa umri wa kuvu, kwa unyevu, hata kwa aina ya mti. Vielelezo vilivyokaushwa vilipelekwa Uingereza, na mwaka 1969 wataalamu wawili, Reid na Booth, walivipitia upya wakaona jenasi iliyochaguliwa haikufaa. Kuvu ya Zanzibar ikaitwa Endothia eugeniae.

Wakati huo upande wa pili wa Atlantiki palikuwa na hadithi nyingine ambayo hakuna aliyeihusisha na Zanzibar. Mwaka 1917, Stephen Bruner alieleza kuvu iliyokuwa ikitoboa vidonda kwenye mikaratusi ya Cuba, akaiita Diaporthe cubensis. Kwa miongo kadhaa jina hilo lilibaki vitabuni bila kumsumbua mtu. Kisha Brazil ikaanza kupanda mikaratusi kwa maelfu ya hekta kwa ajili ya viwanda vya karatasi, na katika miaka ya 1970 vidonda hivyo vikawa janga: shina linaoza upande mmoja, upepo ukija linakatika. Charles Hodges, aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huo, aliihamishia kuvu kwenye jenasi ya Cryphonectria mwaka 1980. Hapo ikawa jamaa wa kuvu yenye sifa mbaya kuliko zote za misituni, Cryphonectria parasitica, iliyogunduliwa New York mwaka 1904 na kufagia misitu ya chestnati ya Marekani kwa mabilioni ya miti.

Mwaka 1986 Hodges na wenzake wa Brazil, Alfenas na Ferreira, wakaweka kuvu ya mkaratusi na kuvu ya mkarafuu pamoja mezani. Waliona ni kitu kimoja. Kuvu iliyoua matawi Pemba na kuvu iliyoangusha mikaratusi Brazil zilikuwa spishi moja yenye majina mawili, kwa sababu tu moja ilisomwa na watu wa viungo na nyingine na watu wa misitu. Nikiwaza juu ya miaka 34 iliyopita kati ya jina la Nutman na Roberts na siku hiyo, silaumu mtu. Lakini naona hasara. Mtu wa Kizimbani kule Unguja na mtu wa São Paulo kule Brazil walikuwa wakipambana na adui mmoja bila kubadilishana hata barua.

Mkarafuu na mkaratusi kuugua ugonjwa mmoja si ajabu, kwa kuwa ni wa familia moja ya mimea. Ndani ya familia hiyo wamo pia mpera, mtufaha na mzambarau ambao matunda yake huwapaka watoto wa Mombasa midomo rangi ya zambarau kila msimu. Mzambarau na mtufaha ni jamaa wa karibu zaidi wa mkarafuu, kwani ni wa jenasi moja nao. Mkaratusi, mzaliwa wa Australia, uliletwa nchini kwa sababu ya Mombasa: reli iliyoanza kujengwa kisiwani mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa na injini zenye njaa ya kuni, na kuanzia mwaka 1902 mikaratusi ilipandwa ili kuzilisha. Hivyo mwanzoni mwa karne ya 20 pwani yetu na bara yake zilikuwa na karamu kubwa ya miti ambayo kuvu hii ingeweza kuila, iliyotoka pembe tofauti za dunia na kukutanishwa na meli na reli.

Uamuzi wa 1986 ulikuwa bado ni uamuzi wa macho. Ilihitajika njia ya kuisoma kuvu kutoka ndani. Mwaka 1983 Kary Mullis alibuni mbinu ya PCR, inayowezesha kipande kidogo cha DNA kunakiliwa mamilioni ya mara ndani ya saa chache, hadi kiwe kingi cha kutosha kusomwa. Mwaka 1990 White, Bruns, Lee na Taylor wakatoa vipande vifupi vya kuanzishia nakala hiyo kwa kuvu karibu zote, vikilenga sehemu iitwayo ITS. Sehemu hii imekaa katikati ya jeni za ribosomu, ambazo hazibadiliki sana kwa sababu kila chembe inazihitaji ili iishi. ITS yenyewe haina kazi nzito kiasi hicho, kwa hiyo makosa madogo ya kunakili yanakusanyika ndani yake kizazi baada ya kizazi. Kuvu mbili zikiwa na tofauti chache ni jamaa wa karibu, na zikiwa na nyingi zimeachana zamani. Mwaka 2012 wataalamu wa dunia waliikubali ITS kuwa alama rasmi ya kwanza ya kutambulisha kuvu.

Mwaka 1999 Henrietta Myburg, Brenda Wingfield na Michael Wingfield wa Afrika Kusini walisoma DNA ya kuvu za mkaratusi na za mkarafuu. Herufi za DNA ziliafikiana na macho ya Hodges: spishi ni moja. Ingekuwa rahisi kuishia hapo. Lakini timu hiyo ya Chuo Kikuu cha Pretoria ilikuwa na tatizo la nyumbani. Vidonda vya mikaratusi vilivyoonekana Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1980 vilidhaniwa ni vya kuvu ile ile, na DNA ikakataa. Waliongeza ushahidi kwa kusoma jeni za beta-tubulini, protini inayosaidia kuijenga mifupa ya ndani ya chembe, na picha ikawa wazi zaidi. Mwaka 2004 Marieka Gryzenhout na wenzake waliitoa kuvu hii Cryphonectria na kuiundia jenasi mpya, Chrysoporthe, yenye Chrysoporthe cubensis na, kwa zile za kusini, Chrysoporthe austroafricana. Hii ya pili inaonekana kuwa mwenyeji wa Afrika: inakaa kwenye Syzygium cordatum, mzambarau wa mwituni wa Afrika, na kutoka huko iliruka hadi kwenye miti ya kupandwa.

Ukiacha Zanzibar, Afrika Mashariki ilibaki doa tupu kwenye ramani, na aliyelijaza ni mwana wa Afrika Mashariki. Grace Nakabonge, mtaalamu kutoka Uganda, alifanya kazi na Jolanda Roux, Gryzenhout na Michael Wingfield kukusanya sampuli za mikaratusi na jamii ya mizambarau katika nchi kadhaa za mashariki na kusini mwa Afrika. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2006: Chrysoporthe cubensis ipo Kenya, Malawi na Msumbiji, na kwa nchi hizo ilikuwa mara ya kwanza kuripotiwa. Kazi ya namna hii haina umaarufu. Ni kutembea kwenye safu za miti, kuchuna gome kwa kisu, kufunga kipande kwenye karatasi, kuandika tarehe na mahali, kisha kurudi maabara na kusubiri kuvu ikue kwenye bakuli. Bila yeye sehemu iliyobaki ya simulizi hii isingekuwepo.

Kwa maana watafiti walipoziweka sampuli zote pamoja, za Amerika, Asia na Afrika, C. cubensis haikukaa kama kundi moja. Iligawanyika mara mbili. Mwaka 2010 van der Merwe na wenzake, kwa kutumia jeni kadhaa kwa pamoja na kupima pia jinsi makundi hayo yalivyotengana kijenetiki, walitangaza kwamba ni spishi mbili zisizoweza kutofautishwa kirahisi kwa macho. Jina la cubensis lilibaki kwa kuvu za Amerika ya Kusini na ya Kati na za Afrika ya magharibi na kati, kama Cameroon na Kongo. Nyingine ikaitwa Chrysoporthe deuterocubensis, na humo ndimo zilimoingia kuvu za Indonesia, Malaysia, China, Australia na Hawaii, pamoja na za Kenya, Malawi, Msumbiji na Zanzibar.

Chukua ramani ya Afrika uangalie. Kuvu za pwani ya Atlantiki ni ndugu wa zile za Amerika. Kuvu za upande wetu ni ndugu wa zile za Asia. Bara limegawanyika kufuata bahari mbili na biashara zake. Nyumba nyingi za Mji wa Kale bado zina shajara za nasaba zinazomfikisha mwenyewe Hadhramaut, Oman au Gujarati, na kuvu hii nayo ina shajara yake inayoelekea mashariki, kule ulikotoka mkarafuu.

Ushahidi huu una mipaka, na mipaka hiyo ni sehemu ya ukweli wake. DNA inaonyesha undugu. Haitaji jahazi wala mwaka. Inawezekana kuvu ilikuja na miche ya mikarafuu kupitia Morisi, inawezekana ilikuja baadaye na mikaratusi au mmea mwingine wa familia hiyo, na inawezekana ilikuja zaidi ya mara moja. Ninaloliamini mimi, kwa kuangalia umri wa ugonjwa wa Zanzibar na wingi wa miche iliyovushwa katika karne ya 19, ni kwamba mkarafuu ndio mtuhumiwa wa kwanza. Mwanahistoria wa bahari yetu ambaye hadi sasa ametegemea daftari za forodha, barua za mabalozi na masimulizi ya manahodha, sasa ana shahidi mwingine ambaye hakuwa na sababu ya kudanganya.

Kwa Mombasa ya leo jambo hili ni la kazi ya kila siku. Mizigo mikubwa haishuki tena Bandari ya Kale. Inashuka Kilindini, na mimea inayoingia hukaguliwa na KEPHIS, taasisi iliyoundwa mwaka 1996. Mkaguzi hufuata orodha ya majina. Kwenye orodha ya kabla ya 2010, mche wenye Chrysoporthe cubensis kutoka Brazil au Cameroon ungehesabiwa kuwa unaleta ugonjwa ambao Kenya tayari inao. Kwa elimu ya sasa mche huo unaleta spishi ambayo haijaripotiwa nchini, na ambayo mikaratusi yetu na mikarafuu ya jirani zetu haijawahi kupimana nayo nguvu. Vivyo hivyo miche ya mikaratusi chotara, ambayo Kenya ilianza kuileta kutoka Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1990, inatoka kwenye nchi ya C. austroafricana. Spishi tatu, vidonda vinavyofanana, na jibu haliko kwenye umbo la spora. Liko kwenye herufi mia kadhaa za beta-tubulini.

Uwezo wa kuzisoma hauko mbali tena. Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kina kituo cha utafiti wa sayansi ya viumbe kinachofanya kazi za DNA, saa moja na ushei kwa gari kutoka Nyali. Mkulima wa Pemba au wa Kwale anayeona tawi la mkarafuu au la mkaratusi linakauka kuanzia kwenye jeraha asiliache likauke lote. Akate kipande cha gome pale palipo hai na palipokufa, akifunge kwenye karatasi kavu wala si mfuko wa plastiki, aandike mahali na tarehe, akifikishe kwa ofisa wa kilimo. Na kwa watafiti wetu, pa kuanzia ni hapa hapa kisiwani: mizambarau mikongwe ya Mombasa, kisha mizambarau ya mwituni ya Shimba Hills, kisha mikarafuu ya Wete na Chake Chake, sampuli zote zisomwe kwa jeni zile zile, na majibu yawekwe mahali ambapo mkaguzi wa Kilindini anaweza kuyafungua.